Pesa za kuigizia: bunda lipi kwa lokesheni ipi

Skripti huandika kwa mstari mmoja tu: anafungua brifkesi, ndani kuna bilioni moja. Mwandishi akishaweka nukta, mzigo unahamia kwa mtu wa propsi, yaani vifaa vya kuigizia, na kazi yake huanza na hesabu kabla ya karatasi. Noti kubwa kuliko zote Tanzania ni ya shilingi 10,000, ule msimbazi. Bilioni moja ni misimbazi 100,000, yaani mabunda 1,000 ya noti mia mia. Ukikadiria gramu moja kwa noti, hizo ni kilo 100. Hakuna mwigizaji wa kuzinyanyua kwa mkono mmoja akatembea. Hayo ni magunia, ni buti ya gari, ni vijana wawili wa kubeba.

Dola ni habari nyingine. Noti ya dola ina milimita 156 kwa 66, uzito gramu 1, na bunda la noti mia mpya lina unene wa sentimita moja na kidogo. Brifkesi yenye nafasi ya ndani ya sentimita 45 kwa 32 na kina cha 10 inapokea mabunda 12 kwa tabaka, matabaka tisa, jumla 108. Dola milioni moja kwa noti za 100 ni mabunda 100, kilo 10: inaingia na kufungika. Shilingi milioni 10 za Kenya kwa noti za 1,000 nazo ni mabunda 100. Kwa hiyo kabla ya kununua hata noti moja ya kuigizia, rudi kwa mwandishi. Ama kiasi kibadilike, ama sarafu, ama chombo cha kubebea. Mtazamaji wa Dar anajua milioni inavyojaa kiganjani, na akiona bilioni kwenye begi la laptop hatasikia tena maneno ya sini hiyo.

Mapitio haya ni ya pesa za kuigizia za aina nne, na kila moja tumeipa alama kwa jinsi inavyofanya kazi mahali inapopelekwa. Wauzaji husifu noti kwa kufanana na pesa yenyewe. Hicho ni kigezo kibovu. Noti inayofanana mno ni hatari mikononi mwa watu wa mtaani, na kwa kamera iliyo mita tatu mbali haina faida yoyote.

Aina nne

Ya kwanza ni bunda kamili: noti 100 za dola zilizochapwa pande zote mbili, zinazouzwa mtandaoni na watengenezaji wa Marekani na wengine walioiga. Zile nzuri zimebadilishwa waziwazi. Sura ya Benjamin Franklin, yule wa noti ya dola 100, si yenyewe hasa, mihuri imeondolewa, na pale panapopaswa kuwa na jina la nchi au la benki pameandikwa kwamba ni kwa matumizi ya filamu tu. Bunda hili unaweza kulihesabu, kulipitisha gumba, kulitandaza mezani kama karata. Kasoro yake kubwa ni namba za noti. Watengenezaji wengi huchapa noti zote kwa namba moja, na siku mwigizaji anapozitandaza, kamera inasoma namba ileile mara kumi na tano. Muulize muuzaji kabla ya kulipa: bunda lina namba tofauti ngapi? Likiwa na namba moja, linafaa kukaa limefungwa tu. Kasoro ya pili ni kwamba noti zote zinaelekea upande mmoja. Hiyo ni rahisi kutibu: geuza thelathini hivi, nyingine juu chini, nyingine nyuma mbele.

Ya pili ni bunda la ujazo. Juu noti moja iliyochapwa, chini noti moja, katikati karatasi tupu 98. Hili ndilo bunda tunalolipa alama ya juu kuliko yote, tano kati ya tano, ingawa ndilo linalodharauliwa. Ni nafuu, halimshawishi mtu kuiba, na likipotea umepoteza noti mbili. Wala si lazima ununue la dukani. Karatasi ya A4 inatoa vipande vinne vya ukubwa wa dola, hivyo bunda moja linataka karatasi 25, na rimu moja ya karatasi 500 inatoa mabunda 20. Peleka rimu kwa mchapishaji mwenye mashine ya kukatia, akate zote kwa mpigo. Ukikata kwa mkasi kingo zitapishana na bunda litaonekana kama daftari lililochanika.

Tatizo la bunda la ujazo ni kingo. Karatasi ya fotokopi ni nyeupe ya kung'aa, na taa za LED huipandisha zaidi, wakati ubavu wa bunda la pesa zilizotumika una rangi ya vumbi na moshi. Usilipake rangi. Chemsha majani ya chai, vijiko viwili vya mezani kwa lita moja ya maji, acha yapoe, kisha libane bunda kati ya vibao viwili na upitishe sponji iliyokamuliwa kwenye kingo tu. Sponji ikiwa na maji mengi, karatasi zitavimba na bunda litafunguka kama maua. Kausha kivulini likiwa bado limebanwa.

Ya tatu ni bunda chakavu, noti zilizozeeshwa na muuzaji. Hapa alama zetu ni mbili kati ya tano. Zile tulizozichunguza zimepuliziwa rangi ya kahawia sawasawa noti nzima, kama zimepikwa kwenye oveni. Noti ya mtaani haichakai hivyo. Huchafuka kwenye mikunjo, kwenye pembe, na pale gumba linapopita kila siku; katikati ya sura hubaki safi. Nunua noti safi uzichakaze mwenyewe: kunja mara mbili kwa urefu, mara moja kwa upana, finyanga kiganjani, nyosha juu ya mapaja, rudia mara tano. Halafu mikunjo tu ndiyo iguswe na chai.

Ya nne ni shilingi. Hakuna bunda la shilingi la kuigizia la kununua dukani ambalo tunaweza kulipendekeza, kwa hiyo watayarishaji huchapisha wenyewe, na hapo ndipo watu wanapoungua. Noti inayofanana na ya Benki Kuu, hata ukisema ni ya filamu, inakuweka mikononi mwa sheria ya kughushi fedha. Njia salama ni mbili tu: uwe na ruhusa ya Benki Kuu kwa maandishi kabla hata mchoraji hajafungua kompyuta, au uchore noti ambayo si ya nchi yoyote. Hiyo ya pili inafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu Mtanzania hutambua noti kwa rangi kabla ya kusoma. Nyekundu ni elfu kumi, buluu ni buku. Chora noti nyekundu yenye twiga badala ya tembo, jina la benki ya kubuni, maneno SI FEDHA HALALI kwa herufi zinazosomeka, pande moja tu. Mita mbili kutoka kwenye lenzi, kila mtu ataona msimbazi.

Maneno hayo yawekwe wapi? Tazama mtu anavyohesabu pesa: mkono wa kushoto unashika, gumba lake linalala juu ya theluthi ya kushoto ya noti, gumba la kulia linavuta pembe. Maneno yakae chini ya gumba la kushoto. Kwa bunda lililofungwa, yakae katikati, chini ya mkanda wa karatasi wenye upana wa sentimita tatu au nne. Mkanda usiwe na jina wala muhuri wa benki iliyopo. Kwa dola, mabenki ya Marekani hutumia rangi: mkanda wa noti za 100 ni wa rangi ya haradali na unabeba dola 10,000, wa noti za 20 ni zambarau na unabeba 2,000. Mkanda mweupe kwenye dola mpya za sini ya benki ni kosa dogo, lakini anayejua huliona. Mtaani kwetu hilo halina shida, bunda hufungwa kwa raba bendi, na raba bendi ndiyo inayopendeza.

Wino

Hapa ndipo bajeti ndogo huharibikia. Printa ya wino wa maji hutoa rangi nzuri mezani, lakini jasho kidogo tu linatosha kuuyeyusha. Kwa joto la Dar au Unguja mwigizaji ataacha alama nyekundu kwenye kanzu nyeupe ndani ya dakika kumi, na kanzu hiyo haina ya akiba. Printa ya leza haichuji kwa maji, ila unga wake hukaa juu ya karatasi badala ya kuzama ndani, hivyo ukiikunja noti unga unapasuka na mstari mweupe unabaki kwenye mkunjo. Uchapaji wa ofseti ndio unaostahimili jasho na mkunjo, lakini mchapaji hataki kuwasha mashine kwa noti hamsini. Ukiwa na sini moja ya pesa, tumia leza na umzuie mwigizaji asikunje. Ukiwa na tamthilia ya vipindi ishirini, lipa ofseti mara moja.

Benki, duka la kubadili fedha, ofisi ya tajiri

Mwanga ni mwingi, kamera iko karibu, mezani hakuna fujo. Bunda kamili, alama nne. Lakini kwa ile picha ya karibu kabisa, vidole vinahesabu na lenzi inakaribia kugusa, tumia noti halisi. Tano au sita za juu zinatosha. Weka juu ya bunda la ujazo, andika namba zake, mhasibu asaini, zirudi kwake sini ikiisha. Pesa halisi haina kosa la kisheria mbele ya kamera, na hakuna karatasi inayolala kidoleni kama ile ya pamba. Dola ukiigawa uzito wake kwa eneo lake inakaribia gramu 97 kwa mita ya mraba, kumbe ni nzito kuliko karatasi ya fotokopi ya gramu 80, lakini inalegea kama kitambaa. Karatasi ya mbao haina ulegevu huo.

Sauti nayo inatofautiana. Karatasi ya fotokopi inapiga kelele kavu ambayo maikrofoni ya shingoni huinasa vizuri mno. Rekodi sauti ya kuhesabu pesa halisi peke yake, dakika moja, chumba kimya, mhariri aipachike.

Mashine ya kuhesabia pesa inasumbua kwa sababu mbili. Yenye kigunduzi cha noti bandia itasimama na kulia kwenye noti ya kwanza, kwa hiyo zima kigunduzi, au tafuta ile ya kuhesabu tu. Ya pili, karatasi iliyokatwa karibuni inanatana na mashine inameza mbili mbili au inakwama. Kabla ya kuziingiza, pinda bunda huku na huku mara kadhaa, hewa ipite katikati, na ung'ute vumbi la karatasi.

Sokoni na kwenye daladala

Kariakoo, Gikomba, Darajani: usipeleke noti ya kuigizia mahali penye wanunuzi wa kweli. Hii si alama ya chini, ni hapana. Mwigizaji akimlipa mama wa mchicha kwa noti ya propsi katikati ya msongamano, mama yule ataiweka kwenye mkoba pamoja na nyingine, na jioni atamrudishia mteja chenji. Hasara itamwangukia mtu asiye na uwezo wa kuibeba. Sini ya soko haihitaji zaidi ya shilingi 30,000 za noti ndogo. Chukua halisi, chakavu, na umlipe mama mchicha wake kwa kweli. Fungu likae kwenye bajeti kama propsi.

Kwa daladala na matatu jambo la kutazama ni vidole vya konda. Hafungi pesa kwa raba wala haweki kwenye pochi: hukunja kila noti kwa urefu, anaipachika katikati ya vidole, ncha zikitokeza nje kama meno ya kitana, buku na buku, buku mbili na buku mbili. Mwigizaji anayeshika bunda lililonyooka mlangoni mwa daladala hajawahi kuwa konda hata kwa siku moja. Mkunjo huo wa urefu ndio unaoua noti za leza, kwa hiyo hapa pia noti halisi ndogo ndogo ni bora.

Vivyo hivyo pindo la kanga. Noti inakunjwa hadi inakuwa ndogo kama kiberiti, inaingizwa pembeni mwa kanga, fundo linakazwa, na baadaye inafunguliwa mbele ya kamera. Ikifunguliwa lazima ibaki na gridi ya mikunjo na iwe laini. Karatasi ya fotokopi hufunguka yenyewe kama spring na kumharibia mwigizaji wakati wa utulivu ambao sini yote inautegemea. Noti moja halisi, iliyolala kwenye fundo hilo tangu asubuhi, inamaliza tatizo.

Na ulizeni kwanza kama pesa taslimu inafaa kuwepo. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Hadithi ya leo ambamo mtu anatuma nauli ya mgonjwa kijijini kwa bahasha ya basi inahitaji sababu.

Garini usiku, brifkesi inabadilishana mikono

Hii ndiyo nyumba ya bunda la ujazo. Mwanga ni wa dashibodi, brifkesi inafunguliwa kwa sekunde tatu, macho yanaona tabaka la juu peke yake. Mpangilio unaofaa kwa brifkesi ile ya 45 kwa 32 ni huu: chini laza rimu mbili za A4 za gramu 80 zikiwa kwenye vifungashio vyake, ubavu kwa ubavu. Zinaenea vizuri, zina kimo cha sentimita tano, na kila moja ina kilo 2.5. Juu yake matabaka manne ya mabunda ya ujazo, 12 kila tabaka, jumla 48, kila bunda gramu 82. Ukijumlisha unapata karibu kilo 9, pungufu kidogo ya dola milioni moja yenyewe. Uzito huo ni wa lazima. Mkono unaobeba brifkesi tupu huinuka haraka mno, bega halishuki, na mwigizaji hata awe hodari vipi hawezi kuigiza kilo tisa kwa hatua hamsini.

Kati ya mabunda 12 ya juu, mawili yawe kamili, na mwigizaji ajue ni yapi. Hayo ndiyo atakayoyainua na kuyapitisha gumba. Weka alama ya penseli kwenye mkanda, upande usioonekana. Waongozaji wengi hubadili mawazo papo hapo na kusema "chukua lile la kona", na kona inafunguka karatasi nyeupe.

Ufukweni

Noti yenye uzito chini ya gramu moja haikai Paje wala Diani, iwe kaskazi au kusi. Bunda lililofungwa litakaa. Noti zilizolegea zitakwenda baharini na hutazipata. Kama sini inataka pesa zilizotandazwa juu ya mkeka, zibandike kwa gundi ya pande mbili, moja juu ya nyingine, ziwe kipande kimoja chenye umbo la fujo, na uache tatu au nne tu zipeperuke, zikiwa zimefungwa kwa uzi wa kuvulia. Kwa pesa zinazorushwa angani tumia noti za pande moja zenye twiga, kamwe si bunda kamili, na watu wawili wenye nyavu upande upepo unakoelekea. Watoto wa ufukweni watafika kabla yenu, kwa hiyo tangazeni mapema, kwa upole, na muwape zawadi nyingine ya kuokota.

Unyevu wa pwani unalegeza karatasi, jambo ambalo kwa noti chakavu ni baraka. Kwa mabunda mapya ni balaa: yanavimba na mikanda inakatika. Yatunze kwenye ndoo yenye mfuniko hadi dakika ya mwisho.

Ukumbini, wakati wa kutuza

Sini ya taarab bila kutuza haijakamilika. Kina mama wanatoka vitini wakicheza taratibu, noti imebanwa kati ya vidole viwili na kuinuliwa juu ionekane na wote, kisha inawekwa mkononi mwa mwimbaji, kwenye paji la uso, au inadondoshwa miguuni. Noti zinapita kwa wahusika wa ziada thelathini au arobaini, sakafu inajaa, watu wanacheza juu yake, na sini inarudiwa mara sita. Hakuna lokesheni inayopoteza noti nyingi kama hii.

Chukua noti za pande moja za ofseti. Upande mtupu hauonekani kwa sababu noti iko kwenye mwendo, na zile za sakafuni zitageuzwa na kijana wa propsi kati ya mrudio na mrudio. Leza inaweza kutumika, wino wa maji hapana kabisa: paji la uso lenye jasho na poda litatoka na rangi. Kila mhusika wa ziada apewe noti tatu, jina liandikwe, na kila mrudio uanze kwa kuzirudisha zote. Usiruhusu mtu achomoe pesa yake halisi kwa mahaba ya wimbo, maana hutokea, na kisha hakuna anayejua ipi ni ipi. Alama kwa noti za twiga ukumbini: tano.

Nchi nyingine, mwaka mwingine

Nairobi inahitaji tarehe kabla ya noti. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye fedha, na noti mpya zenye jumba la mikutano la KICC zilizinduliwa tarehe 1 Juni 2019. Noti ya 1,000 ya zamani iliisha nguvu baada ya tarehe 30 Septemba mwaka huohuo, lakini zile ndogo za zamani ziliendelea kutumika pamoja na mpya. Hadithi ya 2016 inataka sura ya Jomo Kenyatta kila noti; ya 2021 inaweza kuwa na noti za 100 mchanganyiko, ila elfu moja lazima iwe mpya. Tanzania, noti zilizotolewa kati ya 1985 na 2003 ziliondolewa rasmi mwanzoni mwa 2025, hivyo kwa sini ya miaka ya tisini watafute wakusanyaji wa noti, wana za kweli na hazitakugharimu kama kuchapa. Dola ya 100 yenye utepe wa buluu ilianza kutoka tarehe 8 Oktoba 2013. Iweke kwenye hadithi ya 2008 na kila mfanyabiashara wa madini atakucheka.

Kwa Goma, Bukavu au Lubumbashi, hata kama mnaigiza hayo mkiwa Arusha, meza ya mbadilisha fedha wa mtaani inabeba sini. Noti kubwa ya faranga ni ya 20,000, na kwa noti ndogo dola mia moja inarudi kama rundo. Huko dola yenye mchaniko hata wa milimita chache hukataliwa, na dola za kuigizia za Kongo ziwe safi na zimenyooka, kinyume kabisa na faranga zilizo kando yake.

Karatasi za kukulinda na kurudisha noti

Nairobi watu wa "wash wash", matapeli wa noti bandia, wamewafanya polisi wawe wakali kwa boksi lolote la dola za bandia, na wana haki. Boksi lisitembee barabarani bila barua ya mtayarishaji, nakala ya kibali cha kurekodi, orodha ya idadi na picha ya noti pande zote mbili. Ukivuka Namanga au Horohoro, tangaza kabla hujaulizwa. Nje ya boksi andika PROPSI ZA FILAMU, SI FEDHA, na mwenye boksi awe mtu mmoja anayejulikana.

Marekani sheria iko wazi zaidi: picha ya rangi ya dola iwe ya upande mmoja, iwe chini ya robo tatu ya urefu na upana wa noti halisi au zaidi ya mara moja na nusu, na vifaa vilivyotumika kuitengeneza, faili za kompyuta zikiwemo, viharibiwe baada ya matumizi ya mwisho. Ndiyo maana wachapaji wao huona afadhali kubadilisha mchoro kuliko kupunguza ukubwa. Filamu moja iliyotoka 2001 ililipua kasino kwa ajili ya kamera huko Las Vegas, pesa za kuigizia zikatapakaa, watu wakaziokota na kujaribu kununua nazo vitu. Secret Service, idara iliyoundwa 1865 kwa ajili ya kupambana na noti bandia, ilimwendea mtengenezaji na kusimamisha kazi yake. Noti zilikuwa nzuri kupita kiasi, na hakuna aliyezihesabu zikirudi.

Kuhesabu kwa vidole saa tano usiku, watu wamechoka, hakuaminiki. Tumia mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Noti 100 za karatasi ya gramu 80 zina gramu 82. Ukikosa noti tano utaona 78. Kosa la kawaida ni kulinganisha uzito wa usiku na ule wa asubuhi. Pwani karatasi hunyonya unyevu, na ikinyonya asilimia tano tu bunda linaongezeka gramu nne, ambazo zinaficha noti tano zilizoibwa. Dawa yake ni bunda la kipimo: hesabu noti 100 kwa mkono, lifunge, liache siku nzima kwenye hewa ileile ya lokesheni bila kuguswa, kisha pima mengine yote dhidi yake.

Kazi ikiisha, noti zenye twiga na dola zote zilizochakaa zichomwe mbele ya mashahidi wawili, idadi iandikwe, wasaini. Bunda kamili lililobaki zima lirudi stoo likiwa limefungwa kwa ufunguo. Faili la mchoro lifutwe kwenye kompyuta ya mchoraji, kwenye flashi aliyompelekea mchapaji, na kwenye ile barua pepe ya siku ya kwanza ambayo kila mtu huisahau.